UZI: Kurudisha hita kwenye Mini (A-series, rejeta ya pembeni) – paipu za maji zipite wapi?

#1 Kanda_ya_Ngong

Wadau habari. Gari ni Mini 1000, injini ya A-series ya cc 998, rejeta ile ya pembeni upande wa kushoto. Hita ilitolewa zamani na kila kitu kikafungwa. Nyuma ya hedi, upande wa klachi, kuna bamba dogo lenye nati mbili. Paipu ya chini ya rejeta ni ile nyoofu isiyo na tawi. Ukutani mwa kabini matundu mawili yamezibwa kwa tambara na silikoni. Themostati (valvu inayozuia maji yasiende rejetani hadi injini ipate joto) haimo kabisa.

Kirejeta cha hita ninacho, koki ya kukaa juu ya hedi ninayo, na kebo yake. Naulizia:

1. Maji yanatoka wapi na kurudi wapi? Mafundi wawili wamenipa majibu mawili. Mmoja anasema yarudi paipu ya juu ya rejeta, mwingine ya chini.
2. Paipu ya hita ni ya kipimo gani, na ipi inayofaa kati ya hizi za mtaani?
3. Kuna ubaya gani nikiacha bila themostati?

Picha nimeshindwa kuweka, samahanini.

#2 Spana_Nusu_Inchi

Huyo aliyekwambia chini ndiye yuko sawa, lakini sababu ni muhimu kuliko jibu, kwa hivyo vumilia maelezo.

Maji hayaendi mahali kwa sababu umeweka paipu. Yanaenda kwa sababu upande mmoja una presha kubwa na mwingine una presha ndogo. Kwenye injini yako pampu inavuta kutoka paipu ya chini ya rejeta, inasukuma ndani ya bloku, maji yanapanda kwenye hedi, yanatokea mbele kupitia themostati, yanaingia paipu ya juu, yanashuka ndani ya rejeta. Basi mahali pa presha ndogo kuliko pote ni paipu ya chini, karibu na mdomo wa pampu, maana ndipo inaponyonya. Presha kubwa iko ndani ya bloku na hedi.

Kwa hivyo: yanatoka nyuma ya hedi (hapo palipo na hilo bamba, ndipo koki inapokaa), yanapita ukutani hadi kirejeta cha hita, yanarudi kwenye paipu ya chini, kati ya rejeta na pampu. Kiwandani paipu ya chini ya gari lenye hita ilikuja na tawi lake la kupokea maji ya hita. Yako ni ya gari lisilo na hita, ndiyo maana haina.

Ukirudisha kwenye paipu ya juu utapata gari la ajabu. Injini ikiwa baridi na themostati imefunga, hedi ina presha na paipu ya juu haina, kwa hivyo maji yanapita kwenye hita na kumwagika rejetani bila kungoja themostati. Injini itachukua muda mrefu sana kupata joto. Halafu ikishapata moto na themostati kufunguka, pande zote mbili zinakuwa karibu presha moja, mtiririko wa hita unafifia, na hita inapoa wakati ule ule ulipotaka joto. Wengi wanaolalamika kwamba hita inapuliza baridi wakipanda mlima shida yao ni hii, na wameshabadilisha kirejeta bure.

Jambo jingine. Nyuma ya hedi ndiko mbali na pampu, na silinda ya 4 iko huko. Maji ya huko hayatembei kwa kasi kama ya mbele. Njia ya hita inayavuta. Aliyefunga bamba hakuondoa joto la kabini peke yake, aliondoa pia mtiririko mdogo uliokuwa ukisaidia hedi.

#3 Kelele_za_Ekzosi

Hita Nairobi ya kazi gani jamani? Fungua dirisha. 😂

#4 Morris_wa_Ngara

@Kelele_za_Ekzosi panda Limuru saa kumi na moja asubuhi mwezi wa saba, kioo cha mbele kikiwa kimejaa ukungu kwa ndani, kisha urudi hapa. Kwenye Mini hewa ya kusafisha kioo inatoka kwenye boksi lile lile la hita. Bila hita unapuliza hewa baridi na yenye unyevu juu ya kioo baridi. Watu wanabaki kupangusa kwa mkono huku wanaendesha.

Tena siku injini inapochemsha kwenye foleni ya Mlolongo au ukipanda kutoka Mai Mahiu, kufungua hita na feni yake ni rejeta ya pili. Utatokwa jasho, ndiyo, lakini sindano ya joto inashuka.

#5 Volks_Hauna_Maji

Mimi nimepita tu kuwasalimu. Wangu ni Kobe (Volkswagen Beetle), injini inapozwa kwa hewa. Endeleeni na mabomba yenu.

#6 Duka_la_Paipu

Nauza spea, nijibu la pili.

Paipu ya hita ya A-series ni nusu inchi kwa ndani, na mtaani unaitisha milimita 13. Ukipewa ya 16 kwa maneno ya "klipu itakaza", iache dukani. Klipu ikikaza paipu kubwa juu ya pua ndogo, mpira unajikunja mkunjo mmoja kwa ndani na maji yanapita hapo hapo.

Angalia maandishi ubavuni. Paipu halisi ya hita imeandikwa SAE J20 R3 au angalau EPDM (aina ya mpira unaovumilia maji moto), na ukiikata unaona nyuzi zilizosukwa katikati ya tabaka mbili za mpira. Zile nyeusi laini zisizo na nyuzi ni za maji ya bustani au za hewa. Zinavumilia maji baridi. Kwa maji ya digrii 90 yenye presha zinavimba kama puto, mara nyingi karibu na klipu. Paipu ya petroli nayo si mbadala, hata kama kipimo ni sawa. Ule mpira umetengenezwa kwa mafuta, hautakiwi kukaa kwenye maji moto na kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta).

Na EPDM nayo ina adui: oili. Kifuniko cha valvu kikivuja juu ya paipu mpya, baada ya muda utaiminya na kuikuta laini kama ugali. Ziba oili kwanza.

Silikoni ya rangi ni nzuri na inapendeza kwenye maonyesho ya Ngong Racecourse, lakini inataka klipu zisizo na matundu kwenye mkanda. Zile za kawaida zenye meno yaliyotobolewa zinaikata. Mimi kwa gari la kila siku nampa mtu EPDM.

Nunua mita 2 na nusu. Utabaki na kipande, sawa tu. Kupungukiwa ndiko kunakoleta viungo vya ajabu katikati ya njia. Klipu 4 za milimita 16 hadi 25 kwa paipu ndogo (mbili kwenye kirejeta, moja kwenye koki, moja kwenye tawi). Za paipu ya chini pima kwanza.

#7 Kanda_ya_Ngong

Asante dada. Paipu ya chini yenye tawi nimeitafuta Kirinyaga Road, hakuna anayeijua. Nifanyeje?

#8 Spana_Nusu_Inchi

Agiza kutoka Uingereza kama una subira, Mini bado ina spea nyingi kule kuliko magari mengi ya juzi. Kama huna subira, tengenezesha tii (kiungo cha bomba chenye midomo mitatu).

Nenda kwa fundi wa lethi, si wa kuchomelea mageti. Mwambie akate bomba fupi la shaba nyeupe au chuma cha pua, urefu wa sentimita 7 au 8, kipenyo cha nje sawa na pua ya pampu yako (pima kwa kalipa, usikadirie). Kila mwisho awe na kivimbe kidogo cha kuzuia paipu kuchomoka. Ubavuni ashikishe bomba la milimita 13, lenye kivimbe pia, likilala kuelekea pampu badala ya kusimama wima, ili maji ya hita yaingie yakifuata mkondo. Kisha unakata paipu yako ya chini katikati ya sehemu iliyonyooka, unatoa kipande kifupi kuliko hiyo tii, unaiingiza. Ukikata kwenye kona, paipu itavuta upande na kuvuja daima.

Tii za plastiki za umwagiliaji, tafadhali usiziweke. Zinalainika. Upande wa kunyonya zina hatari zaidi kwa sababu ufa mdogo hauvujishi maji peke yake, pampu ikivuta kwa nguvu unaingiza hewa pia, na utatafuta "gasketi ya hedi imekufa" wakati shida ni kipande cha plastiki.

#9 Morris_wa_Ngara

Niongeze juu ya kufungua, maana watu wanaharibu kabla ya kutengeneza.

Mini inatumia nati za inchi. Spana za milimita zitakula kona za zile nati mbili za bamba, na chini yake kuna stadi ndogo zilizokaa kwenye maji na kutu. Weka mafuta ya kupenya jioni, fungua asubuhi. Stadi ikianza kujipinda badala ya nati kuzunguka, simama, pasha moto, rudi nyuma kidogo, nenda mbele kidogo. Ikikatika ndani ya hedi, hiyo ni kazi ya hedi kushuka.

Sehemu ya kukalia koki isafishwe hadi chuma king'ae. Tumia gasketi mpya ya karatasi na uipake silikoni nyembamba, kama ya kupaka siagi ya mtu bahili. Silikoni ikizidi inamenyeka kwa ndani na kwenda kuziba vijia vya kirejeta cha hita.

Paipu kuukuu usiipindepinde kuichomoa. Mwili wa koki ni chuma laini cha kumimina, unakatika. Pua za kirejeta ni shaba nyembamba, zinachanika pale zilipolehemiwa. Pasua paipu kwa kisu kwa urefu na uibandue.

Kirejeta nacho kipimwe nje ya gari. Kwanza kisukume maji ya mfereji kinyume cha njia yake ya kawaida hadi yatoke masafi. Pili, mafundi wa rejeta wakizibe upande mmoja, wapulize hewa ya bar 1 upande mwingine kikiwa ndani ya beseni la maji. Kiputo kimoja kikionekana, kilehemiwe sasa. Kuvua boksi la hita chini ya dashibodi mara ya pili ni adhabu. Dalili za kirejeta kinachovuja ndani ya gari ni zulia bichi upande wa abiria, harufu tamutamu, na ukungu wenye utelezi kwenye kioo.

#10 Spana_Nusu_Inchi

Sasa njia yenyewe. Hapa ndipo Mini inapotofautiana na Morris au Escort, kwa sababu injini imelala mlalo na kabureta na ekzosi viko upande wa ukuta, pale pale paipu zinapotaka kupita.

*Kutoka kwenye koki.* Geuza pua ya koki itazame ukuta kabla ya kukaza nati. Paipu ishuke kwa mpindo mpana hadi tundu la ukuta. Ukiona upande wa ndani wa mpindo umebonyea, hata kidogo, hapo pameziba nusu, na ukipata moto patabonyea zaidi. Tafuta kiwiko cha mpira kilichoumbwa cha digrii 90 badala ya kulazimisha paipu nyoofu.

*Ekzosi.* Acha sentimita 5 wazi kati ya paipu na manifoldi ya ekzosi. Huwezi? Vika paipu soksi ya kuzuia joto. Usiifunge kwenye bomba la ekzosi kwa waya "isitikisike".

*Kebo.* Kanyaga mafuta hadi mwisho, kanyaga klachi, vuta choki, mtu mwingine akiangalia. Hakuna kebo inayoruhusiwa kugusa paipu. Kebo ya mafuta iliyokwama chini ya paipu ya hita si mchezo.

*Ukuta.* Ng'oa tambara na hiyo silikoni. Kila tundu lipate mpira wake wa kulinda kingo, la sivyo bati linasaga paipu polepole kutoka chini, mahali usipopaona.

*Kirejeta.* Kwa joto, pua ipi iwe ya kuingilia si neno. Kwa hewa ni neno. Kama pua moja iko juu kuliko nyingine, maji yaingie ya chini yatokee ya juu, ili hewa isukumwe nje.

*Kurudi.* Paipu ya pili inatoka ukutani, inazunguka upande wa rejeta na kushuka hadi kwenye tii. Isipite kwenye njia ya feni wala mkanda. Hapo mbele kuna nafasi ndogo sana, ifunge kwa klipu za kushikilia, si kamba za plastiki zilizokazwa hadi paipu ikapata kiuno. Epuka kuijengea nundu, maana kila nundu iliyo juu kuliko mdomo wa rejeta ni nyumba ya hewa.

Mwisho kabisa: legeza. Injini ya Mini inayumba mbele na nyuma kila unapoachia klachi. Paipu iliyonyooshwa mno ni paipu itakayochanika kwenye pua. Acha ulegevu wa sentimita 3 au 4 kila upande. Na kama injini inayumba sana, angalia vibushi vya ile fimbo inayoishikilia kwenye ukuta. Vikiisha vinaua paipu za hita, ekzosi na kebo kwa pamoja, nawe utadhani ni spea mbovu.

#11 Kelele_za_Ekzosi

@Spana_Nusu_Inchi ngoja kidogo. Magari ya mbio ya A-series yanatoa maji nyuma ya hedi na kuyapeleka juu ya rejeta. Mbona wewe unasema ni kosa?

#12 Spana_Nusu_Inchi

Swali zuri, na ni kweli. Wao hawana hita. Wanataka maji moto ya nyuma ya hedi yapoe rejetani kabla ya kurudi, na wengi hawatumii themostati bali ile pete ya kuziba inayokaa mahali pake, inayofunga njia ya baipasi (ile paipu fupi kati ya pampu na hedi) na kubana mkondo. Injini ya mbio inapashwa moto kwa makusudi kabla ya kuanza. Gari la kwenda kazini haliwezi kuishi hivyo. Shabaha tofauti, mabomba tofauti.

#13 Sufuria_ya_Majaribio

Swali la 3 limeachwa, nalichukua.

Bila themostati injini haifiki joto lake, hasa asubuhi. Petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda, oili inajaa unyevu (fungua kifuniko cha kujazia oili, uone ule urojo wa rangi ya maziwa), na hita yako mpya itapuliza hewa ya uvuguvugu tu. Ile imani ya "toa themostati, hii ni Afrika" ilitokana na rejeta zilizoziba. Ukitoa themostati, rejeta iliyoziba inabaki imeziba.

Kuna themostati za digrii 74, 82 na 88. Nairobi weka 82.

Sasa sikilizeni hili, maana linatupa themostati nzima jalalani kila siku. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria wazi hapa yanachemka kama digrii 94, si 100. Themostati ya 88 *inaanza* kufunguka 88, na inahitaji kama digrii 10 au zaidi juu ya hapo ili ifunguke yote. Ukiichemsha jikoni Nairobi itafunguka nusu na kukwama hapo, hata kama ni mpya kutoka boksini. Si mbovu. Maji yako hayawezi kupata moto zaidi. Ukitaka kuiona ikifunguka kabisa, changanya maji na kulanti nusu kwa nusu kwenye kopo kuukuu ambalo halitarudi jikoni tena, kwa sababu kulanti ni sumu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya kifuniko cha rejeta kuwa spea muhimu kuliko watu wanavyodhani. Maji matupu, hapa Nairobi:

– kifuniko kisichoshika presha: yanachemka 94
– kifuniko cha psi 7 (psi ni kipimo cha presha): kama 107
– kifuniko cha psi 13: kama 115

Yaani mpira wa kifuniko ukichakaa umepoteza digrii 20 za usalama, na ukipanda Limuru unapoteza nyingine moja au mbili. Mini nyingi za miaka ya 70 ni psi 13. Usiruke hadi psi 20 kwa sababu ndicho kilichokuwa dukani. Kirejeta cha hita kilicholehemiwa miaka 40 iliyopita hakikuombwa maoni. Angalia pia kina cha shingo ya rejeta. Vifuniko vingine vina kimo cha milimita 19, vingine 25. Kifupi kwenye shingo ndefu kinafunga vizuri kwa juu na hakigusi kikalio chake chini, presha haishiki hata kidogo.

#14 Kanda_ya_Ngong

Hii ya sufuria sijawahi kuisikia. Vipi kuhusu ile paipu fupi sana kati ya pampu na hedi? Yangu inatoa jasho.

#15 Morris_wa_Ngara

Hiyo ni baipasi. Kazi yake ni kuzungusha maji wakati themostati imefunga, ili joto lisambae na themostati ipate habari. Ikitoa jasho, ibadilishe sasa. Ni paipu ndogo kuliko zote na ndiyo inayowaacha watu barabarani, kwa kuwa imekaa mahali pasipo na macho.

Ziko za aina mbili. Yenye mikunjo kama kodiani inaweza kuminywa na kuingizwa pampu na hedi zikiwa mahali pake, kwa matusi kiasi. Iliyonyooka ni imara zaidi lakini pampu lazima itoke. Kama pampu ina kilio cha beari au tone kwenye tundu lake la chini, toa pampu, weka zote mpya, weka iliyonyooka. Angalia pampu unayouziwa. Ziko zenye pua ya baipasi na zisizo nayo.

Kabla ya kuvika, chokonoa pua ya upande wa hedi kwa bisibisi. Ni bomba la chuma lililopigiliwa, na linaliwa na kutu hadi kubaki karatasi. Bisibisi ikipenya, afadhali ipenye hapo gereji kuliko kuharibikiwa barabarani.

Wapo wanaoziba baipasi pande zote mbili. Inakubalika, lakini basi themostati itobolewe matundu madogo 4 hadi 6, kila moja la milimita 3, au njia ya hita ibaki wazi siku zote. Ukiziba baipasi *na* kufunga koki ya hita, maji hayana pa kwenda, themostati inakaa kwenye maji yaliyotulia, hedi inaungua huku sindano ikionyesha salama.

#16 Spana_Nusu_Inchi

Kujaza maji, kisha nimemaliza.

Mfumo wa Mini yenye hita unachukua lita 3.55. Kumbuka namba hiyo, ndiyo kipimo chako cha hewa. Ukimwaga lita 2 na nusu na rejeta ikaonekana imejaa, lita nzima ya hewa iko ndani, na karibu yote iko kwenye hita.

Fungua koki kabisa. Usikaze bado paipu ya kurudi kwenye tii. Iinue juu, weka faneli, mimina polepole hadi maji yaanze kupanda rejetani. Hapo umejaza kirejeta kwa nyuma. Izibe kwa kidole, ishushe, ivike haraka, kaza klipu. Malizia rejetani. Washa injini bila kifuniko, izunguke kwa mwendo wa chini hadi paipu ya juu ipate moto ghafla, yaani themostati imefunguka. Kiwango kitashuka, ongeza. Minya paipu ya juu kwa mkono mara kadhaa, viputo vitatoka. Acha sentimita 2 na nusu chini ya mdomo, funga. Ukijaza hadi pomoni itatema ziada barabarani, halafu utasema inavuja.

Kulanti: changanya nusu kwa nusu, yaani lita 1.8 ya kulanti na 1.8 ya maji. Hatuna barafu ya kuogopa, tunataka dawa ya kutu na zile digrii za ziada za kuchemka. Kwa rejeta ya shaba yenye lehemu mimi nabaki na ile ya kijani ya zamani, ibadilishwe kila miaka 2. Maji yawe yaliyokenekwa (distilled). Ya kisima cha kuchimba yana chumvi nyingi, yanaacha gaga kwenye vijia vya hita. Ukienda petroli stesheni sema wazi kwamba unataka maji, maana "ya betri" mwingine anakupa asidi.

#17 Kanda_ya_Ngong

Nimefuata yote: tii ya shaba, themostati ya 82, kifuniko psi 13, baipasi mpya. Zimeingia lita 3 kasoro. Sindano iko katikati imetulia. Paipu ya kutoka kwenye koki haishikiki kwa moto, ya kurudi ni baridi kabisa. Kirejeta nilikipima, kilikuwa safi.

#18 Sufuria_ya_Majaribio

Moja moto, moja baridi maana yake hakuna mtiririko. Umepungukiwa zaidi ya nusu lita, na kirejeta kilipimwa, kwa hivyo ni hewa kabla ya kitu kingine. (Zingekuwa baridi zote mbili ningesema koki. Kebo inasogea lakini mkono wa koki haufiki mwisho, hilo ni la kawaida.)

Injini ipoe *kabisa*, kifuniko hakifunguliwi ikiwa na moto. Egesha pua ya gari ikitazama mlima au panda magurudumu ya mbele kwenye kitu imara, breki ya mkono na mawe nyuma. Legeza paipu ya kurudi pale juu kwenye kirejeta, si kwenye tii. Mtu mwingine amimine rejetani. Itakohoa hewa, kisha maji. Yakitoka bila viputo, kaza. Usisahau gazeti kuukuu juu ya zulia.

#19 Kanda_ya_Ngong

Imekohoa sana. Imeongeza karibu robo tatu ya lita. Sasa zote mbili moto, ya kurudi imepungua joto kidogo feni ikiwaka. Kioo kinasafika.

#20 Duka_la_Paipu

Sawa kabisa. Mpira mpya unalala baada ya kupata moto na kupoa mara chache, kwa hivyo rudi na bisibisi ukaze klipu zote injini ikiwa baridi, ukianza na zile mbili za tii. Kaza hadi mpira uanze kutokeza kidogo pembeni mwa mkanda, basi. Na mkanda ukae nyuma ya kivimbe, si juu yake.

#21 Volks_Hauna_Maji

Lita 3.55, klipu nane, mafundi wanne. Nawasha gari langu naenda. 👋

#22 Morris_wa_Ngara

@Volks_Hauna_Maji nenda, lakini zile boksi za ekzosi zinazokupashia kabini zikitoboka zinakuletea moshi ndani. Zichunguze kabla ya mwezi wa saba.